Kamati za Ushauri za Serikali: Ukomo wa Idadi Yake na Nafasi ya Mtumiaji

Kila mtumiaji anayeishi Marekani hununua vitu ambavyo hawezi kuupima usalama wake kwa mikono yake mwenyewe. Mzazi hawezi kujua, kwa kumtazama tu mwanasesere wa plastiki, ni kemikali gani iliyotumika kuilainisha plastiki hiyo. Mgonjwa hawezi kujua kwa kukitazama kidonge kama kweli kinatibu. Abiria anayekata tiketi ya ndege hana njia ya kukagua masharti yote yaliyowekwa kati yake na shirika la ndege. Katika mambo hayo yote, idara za serikali huamua kwa niaba ya umma; na kabla ya kuamua, mara nyingi huomba rai ya wataalamu, wafanyabiashara na wananchi walio nje ya serikali. Rai hiyo hutolewa na kamati za ushauri.

Sehemu hii ya kijitabu inaeleza kamati hizo ni zipi, kwa nini idadi yake huwekewa kikomo, na mtumiaji wa kawaida afanye nini ili sauti yake isikike kamati zinapoongezwa, zinapopunguzwa au zinapofutwa.

Kamati ya ushauri ni nini?

Kwa mujibu wa sheria ya Marekani, kamati ya ushauri ni kundi lolote lililoundwa au linalotumiwa na Rais au idara ya serikali ya shirikisho kwa madhumuni ya kupata ushauri, ambalo miongoni mwa wajumbe wake yumo angalau mtu mmoja asiye mtumishi wa serikali hiyo. Jina lake halina uzito: liitwe baraza, jopo, bodi au kikosi kazi, likitimiza masharti hayo, sheria inalihusu. Kundi lenye watumishi wa serikali ya shirikisho peke yao halihesabiwi kuwa kamati ya ushauri.

Kwa ujumla serikali ya shirikisho huwa na takriban kamati 1,000 za namna hiyo, zenye wajumbe zaidi ya 60,000. Baadhi hushughulikia mambo yaliyo mbali na maisha ya kila siku, kama vile utafiti wa anga au tuzo za wanasayansi. Nyingine hugusa moja kwa moja chakula, dawa, simu, mikopo, nauli na vifaa vya nyumbani. Hizo za pili ndizo zinazomhusu zaidi msomaji wa kijitabu hiki.

Kwa nini sheria ilitungwa?

Tarehe 6 Oktoba 1972, Rais Richard Nixon alitia saini Sheria ya Kamati za Ushauri za Serikali ya Shirikisho. Kabla ya hapo, kila idara iliunda kamati kwa namna ilivyoona inafaa. Nyingine ziliendelea kukutana ilhali kazi iliyoziita ilikuwa imekwisha. Nyingine zilirudia kazi ya wenzake. Jambo lililowatia wasiwasi zaidi watunga sheria ni kwamba wenye maslahi binafsi wangeweza kuketi ndani ya kamati, milango ikiwa imefungwa, na kuielekeza serikali kule kunakowafaa wao, huku mnunuzi wa bidhaa zao asijue kilichosemwa.

Sheria hiyo iliweka misingi ambayo inadumu hadi leo:

1. Kamati mpya iundwe pale tu inapohitajika kwa dhati, na idadi ya kamati iwe ndogo kadiri inavyowezekana.
2. Kamati iliyokwisha kutimiza kazi yake ifutwe.
3. Bunge na umma wajulishwe idadi ya kamati, madhumuni yake, wajumbe wake, shughuli zake na gharama zake.
4. Kamati itoe ushauri tu. Uamuzi ubaki mikononi mwa serikali.
5. Wajumbe wawe na uwiano wa haki wa mitazamo, na ushauri wao usitawaliwe na aliyewateua wala na kundi lolote lenye maslahi yake.

Msomaji ataona kwamba sheria ilitaka mambo mawili kwa pamoja: kamati zisiwe nyingi kupita kiasi, na zile zilizopo ziwe wazi na zenye uwiano. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini pia walisema penye wengi hapaharibiki neno. Ugumu wa kusimamia kamati za serikali umo katika kuzipatanisha methali hizo mbili.

Kikomo kilivyowekwa, kilivyoondolewa na kilivyorudi

Ukaguzi wa awali umo ndani ya sheria yenyewe. Kila kamati lazima iwe na hati inayotaja madhumuni yake, idara inayoihudumia, makadirio ya gharama na muda itakaodumu. Haiwezi kufanya kikao chochote kabla ya hati hiyo kuwasilishwa mahali panapostahili. Kwa kawaida kamati hukoma baada ya miaka miwili, isipokuwa pale hati yake inapohuishwa au sheria nyingine inapoipa muda tofauti. Kwa hiyo, kila baada ya miaka miwili idara hulazimika kujibu swali hili: je, kamati hii bado inahitajika?

Usimamizi wa jumla uko chini ya Sekretarieti ya Usimamizi wa Kamati, ambayo tangu mwishoni mwa mwaka 1977 imo katika Mamlaka ya Huduma za Jumla. Idara inayotaka kuunda kamati kwa hiari yake lazima kwanza ishauriane na sekretarieti hiyo.

Pamoja na ukaguzi huo, marais kadhaa wameona haja ya kuweka kikomo cha tarakimu. Hatua kuu ni hizi:

*Februari 1993.* Rais Bill Clinton alitoa amri iliyozitaka idara zifute angalau theluthi moja ya kamati ambazo hazikulazimishwa na sheria, kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha wa 1993. Kamati mpya zilizuiwa, isipokuwa kwa sababu nzito kama usalama wa taifa, afya au usalama wa watu, tena kwa idhini ya mkurugenzi wa Ofisi ya Usimamizi na Bajeti. Kikomo cha serikali nzima kwa kamati hizo za hiari kikawa 534.

*Oktoba 1994.* Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ilitoa waraka wa kudumu, nambari A-135, uliozitaka idara ziendelee kupanga na kupitia kamati zake ili idadi isipande tena baada ya kupunguzwa.

*Juni 2019.* Rais Donald Trump alitoa amri ya kufuta tena theluthi moja ya kamati za hiari kufikia tarehe 30 Septemba mwaka huo, na kikomo cha serikali nzima kikashushwa hadi 350. Amri hiyo iliziweka kando kamati ambazo kazi yake kuu ni kutoa utaalamu wa kisayansi kuhusu usalama au ufanisi wa bidhaa zinazouzwa kwa watumiaji.

*Januari 2021.* Rais Joe Biden aliifuta amri ya mwaka 2019 katika siku yake ya kwanza madarakani.

*Februari 2025.* Rais Trump, katika muhula wake wa pili, alitoa amri iliyotaja kwa majina kamati kadhaa za kufutwa. Miongoni mwake ni ile ya athari za muda mrefu za ugonjwa wa Korona, iliyokuwa chini ya wizara ya afya, na ile ya vyama vya kuweka na kukopa, iliyokuwa chini ya Ofisi ya Kuwalinda Watumiaji katika Masuala ya Fedha.

Somo la historia hii kwa mtumiaji ni jepesi. Kamati uliyoitegemea mwaka huu yaweza isiwepo mwaka ujao, na iliyofutwa yaweza kurejea. Haitoshi kujua mara moja kwamba ipo, inakupasa kufuatilia.

Aina nne za kamati, na kwa nini tofauti zake zina maana

Unapoambiwa kwamba kamati fulani itapunguzwa, jambo la kwanza la kuchunguza ni asili yake. Zipo aina nne:

a) Kamati iliyolazimishwa na sheria ya Bunge. Idara haina mamlaka ya kuiondoa. Bunge lenyewe ndilo linaloweza kufanya hivyo.

b) Kamati iliyoruhusiwa na sheria. Bunge limeiruhusu idara kuiunda, lakini halikuilazimisha.

c) Kamati iliyoundwa na idara kwa mamlaka yake yenyewe.

d) Kamati iliyoundwa na Rais.

Vikomo vya tarakimu huzibana zaidi kamati za hiari, yaani zile ambazo idara yenyewe ndiyo iliyoamua kuziunda. Kamati ambayo Bunge limeamuru iwepo huwa na kinga kubwa zaidi. Mfano ni kamati ya ushauri kuhusu ulinzi wa watumiaji wa usafiri wa anga, ambayo Bunge liliiagiza Wizara ya Uchukuzi kuiunda kwa sheria ya mwaka 2012. Sheria hiyo ilitaja hata viti vyake: kimoja cha mashirika ya ndege, kimoja cha viwanja vya ndege, kimoja cha serikali ya jimbo au ya mtaa yenye uzoefu wa kuwalinda watumiaji, na kimoja cha shirika lisilo la kibiashara linalotetea maslahi ya umma. Abiria anaposoma orodha hiyo anajua mara moja kiti kinachomhusu ni kipi.

Kikomo kinapoleta faida

Si kila kamati inayofutwa ni hasara kwa umma. Kila kamati hugharimu nauli, posho na muda wa watumishi wanaoandaa vikao. Kamati isiyo na kazi hula fedha ambazo zingeweza kulipia ukaguzi wa bidhaa. Aidha, kamati mbili zinazoshauri jambo lile lile zikitoa majibu tofauti, idara hupata mwanya wa kuchagua jibu linaloipendeza.

Mfano wa kamati iliyofanya kazi yake ikamaliza ni jopo lililochunguza thaleti, kemikali zinazotumika kulainisha plastiki. Mwaka 2008, Bunge lilipiga marufuku ya kudumu aina tatu za thaleti katika vitu vya kuchezea na vya kulelea watoto. Aina nyingine tatu zilizuiwa kwa muda tu, mpaka jopo la wanasayansi lizichunguze. Jopo liliundwa chini ya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, likakabidhi ripoti yake Julai 2014, na shughuli yake ikaishia hapo. Mwaka 2017 tume ilitoa kanuni ya mwisho. Aina mbili kati ya zile zilizozuiwa kwa muda ziliachiliwa, moja ikapigwa marufuku moja kwa moja, na nyingine nne zikaongezwa katika orodha. Leo aina nane haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.1 katika vitu hivyo. Kamati ilikuwa na swali moja, ikalijibu, ikaondoka. Mzazi anayenunua mwanasesere leo ananufaika na jibu hilo bila ya kamati kuendelea kulipwa.

Kikomo kinapoleta hasara

Upo upande wa pili, na mtumiaji anapaswa kuuangalia kwa makini zaidi, kwa kuwa hasara yake haionekani katika hesabu za serikali.

*Kiti cha mtumiaji chaweza kuondoka pamoja na kamati.* Sheria ya mwaka 1972 iliyoanzisha Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji iliunda pia baraza la ushauri lenye wajumbe 15: watano kutoka serikalini, watano kutoka viwandani na wafanyabiashara, na watano kutoka kwa watumiaji. Mwaka 1981 Bunge liliondoa baraza hilo. Viwanda vina wanasheria na vyama vyao, na vina njia nyingine nyingi za kuifikia serikali. Mnunuzi wa kawaida hana. Kwa hiyo, kamati ya pamoja inapofutwa, pande hizo mbili hazipotezi sawasawa.

*Kamati yaweza kubaki huku wajumbe wake wakiondolewa.* Sheria ya mwaka 2010 iliyoanzisha Ofisi ya Kuwalinda Watumiaji katika Masuala ya Fedha ililazimisha kuwepo kwa bodi ya ushauri ya watumiaji, ikutane angalau mara mbili kwa mwaka. Mwezi Juni 2018 uongozi wa ofisi hiyo uliwaondoa wajumbe wote 25 waliokuwapo, kisha ukaunda bodi mpya yenye wajumbe wachache zaidi. Kisheria bodi iliendelea kuwapo. Lakini watu waliokuwa wakisikilizwa walikuwa wengine. Idadi ya kamati peke yake haikuonyesha mabadiliko hayo.

*Kazi yaweza kuhamia mahali pasipo wazi.* Idara iliyofikia kikomo chake huweza kuigeuza kamati kuwa kamati ndogo iliyo chini ya kamati nyingine. Kwa kawaida, kamati ndogo inayoripoti kwa kamati mama hailazimiki kufungua vikao vyake kwa umma. Hesabu itaonyesha kamati moja pungufu, lakini mazungumzo yaliyokuwa yakifanyika hadharani yatakuwa yameingia ndani. Kwa sababu hiyo, usiridhike kuuliza “kamati ngapi zimebaki?” Uliza pia “kazi ya ile iliyofutwa inafanywa na nani sasa, na je, ninaruhusiwa kusikiliza?”

Ushauri si uamuzi

Watumiaji wengi hudhani kwamba kamati ikisema hapana, serikali haiwezi kusema ndiyo. Sivyo. Kamati hushauri, idara huamua.

Novemba 2020, kamati ya ushauri ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ilipitia ushahidi wa dawa ya ugonjwa wa Alzheimer iliyokuja kuuzwa kwa jina la Aduhelm. Wajumbe waliulizwa kama ni sahihi kuuchukua utafiti mmoja uliowasilishwa kuwa ushahidi mkuu wa ufanisi wa dawa hiyo. Wajumbe 10 walisema hapana, mmoja hakuwa na uhakika, na hakuna aliyesema ndiyo. Hata hivyo, Juni 2021 mamlaka iliidhinisha dawa hiyo, na wajumbe watatu wakajiuzulu katika kamati. Bei iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa dola 56,000 kwa mwaka, na baadaye ilipunguzwa kwa takriban nusu. Januari 2024 kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kwamba inaachana nayo.

Yawezekana mtu akauliza: kama ushauri waweza kuachwa hivyo, kamati ina faida gani? Jibu ni kwamba kikao kilikuwa cha wazi. Familia zenye wagonjwa, madaktari na kampuni za bima waliweza kusoma hoja za wajumbe na kupima wenyewe kama dawa ilistahili gharama yake. Pasingekuwa na kamati, tofauti ya maoni kati ya wataalamu na mamlaka ingebaki katika majalada ya ofisi.

Haki zako kama mwananchi na mtumiaji

Sheria inampa kila mtu haki zifuatazo kuhusu kamati za ushauri:

• *Kujulishwa mapema.* Tangazo la kikao huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali, Federal Register, angalau siku 15 kabla ya kikao, isipokuwa kwa dharura ya pekee.

• *Kuhudhuria.* Vikao ni vya wazi. Kikao au sehemu ya kikao yaweza kufungwa kwa sababu zilizotajwa na sheria tu, kwa mfano pale siri za kibiashara au taarifa binafsi za watu zinapojadiliwa, na sababu hiyo lazima itolewe kwa maandishi.

• *Kutoa maoni.* Mtu yeyote mwenye nia aweza kuwasilisha maoni yake kwa maandishi, na aweza kuzungumza mbele ya kamati kwa kufuata taratibu zilizowekwa. Katika kamati za Mamlaka ya Chakula na Dawa, kila mkutano hutenga muda wa kuusikiliza umma.

• *Kusoma kumbukumbu.* Muhtasari wa kikao huandikwa na kuthibitishwa na mwenyekiti, na nyaraka zilizowekwa mbele ya kamati hupatikana kwa umma.

• *Kujua nani ameketi pale.* Majina ya wajumbe, hati ya kamati na gharama zake huwekwa katika hifadhidata ya umma inayoendeshwa na Mamlaka ya Huduma za Jumla, na husomwa bure kwenye intaneti.

Jambo moja lazima lieleweke: kamati ya ushauri haisuluhishi malalamiko ya mtu mmoja mmoja. Ikiwa friji uliyonunua imeharibika au umetozwa fedha isivyo halali, anza na muuzaji, kisha nenda kwenye ofisi ya ulinzi wa watumiaji ya jimbo lako. Ikiwa bidhaa imemjeruhi mtu au inaelekea kumjeruhi, toa taarifa kwa Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji kupitia tovuti ya SaferProducts.gov. Kamati hushughulikia kanuni zinazowagusa watu wote.

Namna ya kutoa maoni yanayosikilizwa

Kwanza, soma hati ya kamati. Maoni yaliyo nje ya madhumuni ya kamati hupokelewa, lakini hayasaidii. Kamati ya usafiri wa anga haitajadili bei ya petroli.

Pili, soma ajenda na ujue swali lililo mbele ya wajumbe. Jibu swali hilo.

Tatu, andika kwa ufupi jambo ulilolipata mwenyewe. Mathalani, badala ya kuandika kwamba mashirika ya ndege hayawajali abiria, eleza kwamba safari yako ilifutwa tarehe fulani, ulisubiri saa kadhaa, uliahidiwa kurudishiwa fedha, na zilichukua wiki kadhaa kufika. Wajumbe wanazo takwimu tayari; mara nyingi wanachokosa ni maelezo ya namna kanuni inavyomfikia mtu.

Nne, tuma mapema. Maoni yanayofika kabla ya kikao huwa na nafasi ya kusambazwa kwa wajumbe; yanayofika baadaye huingia katika kumbukumbu tu.

Tano, wasiliana na afisa aliyetajwa katika tangazo. Kila kamati ina afisa wa serikali aliyeteuliwa kuisimamia. Yeye huidhinisha ajenda na huwapo katika kila kikao. Ikiwa una ulemavu unaohitaji msaada, au ikiwa Kiingereza kinakuwia kigumu, mweleze mapema. Unaweza pia kuomba shirika la jamii yako likusaidie kuandaa maoni kwa Kiingereza.

Sita, fikiria kupendekeza jina. Kamati nyingi za Mamlaka ya Chakula na Dawa zina mwakilishi wa watumiaji, na nafasi zinapotokea hutangazwa. Katika jamii za Waswahili na wengine wanaozungumza Kiswahili Marekani wamo wauguzi, wafamasia, wahasibu na walimu wenye ujuzi unaotakiwa. Uwiano wa mitazamo ambao sheria inautaka hauwezi kupatikana ikiwa watu wenye mitazamo hiyo hawapendekezwi.

Kamati inapotangazwa kufutwa: maswali matano

1. Je, iliundwa kwa amri ya Bunge au kwa hiari ya idara?
2. Je, kazi iliyoundiwa imekwisha, au imeachwa njiani?
3. Ni nani atakayefanya kazi iliyobaki, na vikao vyake vitakuwa wazi?
4. Je, palikuwa na kiti cha watumiaji, na kiti hicho kimehamia wapi?
5. Ripoti na kumbukumbu zake zitaendelea kupatikana wapi?

Ikiwa majibu ya maswali haya ni mazuri, kufutwa kwa kamati huenda ni usimamizi bora wa fedha za umma. Ikiwa hayapo, una sababu ya kuiandikia idara husika, pamoja na mbunge na maseneta wanaoliwakilisha eneo lako. Hati ya kamati huwasilishwa pia kwa kamati za Bunge zinazoisimamia idara hiyo, hivyo swali lako litafika mahali ambapo jambo hilo linajulikana.

Kwa wasomaji wenye mizizi Afrika Mashariki

Wasomaji waliotoka Tanzania wataufananisha utaratibu huu na mabaraza ya ushauri ya watumiaji yaliyoundwa kwa sheria za mamlaka za udhibiti, kama lile la huduma za nishati na maji na lile la mawasiliano. Waliotoka Kenya wataikumbuka kamati ya ushauri iliyoundwa na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Tofauti moja ni ya kuzingatiwa. Huko, chombo kinachomsemea mtumiaji kimetajwa kwa jina ndani ya sheria. Marekani, baadhi ya kamati hazikutajwa katika sheria yoyote; zimeundwa kwa uamuzi wa idara, na kwa uamuzi kama huo zaweza kuondolewa. Kwa hiyo mtumiaji asingoje baraza moja litakalomsemea katika kila jambo. Inampasa aitafute kamati inayohusika na bidhaa au huduma yake, ajue muda wa hati yake, na aitumie wakati ingalipo.

*Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria. Kabla ya kuhudhuria kikao chochote, hakikisha tarehe, mahali na utaratibu wake katika tangazo rasmi la hivi karibuni.*